Mashine ya mawazo na magunia ya korosho

SWALI: Nipo Kiegei, Nachingwea. Magunia yangu mawili ya korosho yameibwa na namshuku jirani. Kijana wangu anasema kuna mashine ya kusoma mawazo. Tumpime?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Mashine ipo, lakini mwizi haikamati. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walitangaza matokeo ya watu watatu waliolala ndani ya MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo, kila mmoja saa 16 kwa vipindi, wakisikiliza hadithi. MRI haioni wazo. Inaona damu inavyokimbilia sehemu ya ubongo inayofanya kazi. Kompyuta ikajifunza kukisia maana, si neno kwa neno. Kwa mtu ambaye haikufunzwa naye, inabwabwaja tu. Naye aliyepimwa akianza kutaja majina ya wanyama kimoyomoyo, inapotea.

Anayeingoja kwa haki ni mgonjwa aliyepooza hadi ulimi, naye ana akili timamu. Jirani yako asiporidhia mwenyewe, kumpima ni kumvua nguo hadharani. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

Kamwone mtendaji wa kijiji. Tena mapema, kabla korosho hazijafika mnadani.