Hesabu ya Spea za Ng'ambo ya Mpaka

Watu wengi wa Nakivale na Mbarara husema ya kuwa spea za motokaa ni rahisi zaidi ng'ambo ya mpaka. Mwenye Hiace huzisikia habari hizo kwa dereva wa lori, na dereva wa lori amezisikia kwa mwenye duka, na mwisho mtu hufunga safari na fedha kibindoni. Usemi huo si uongo. Lakini bei ya dukani ni sehemu moja tu ya gharama, na sehemu zilizobaki aweza kuzipata mwanafunzi yeyote ajuaye kuzidisha na kugawanya. Kwa kuwa wengi wa wanafunzi wetu wa zamani sasa hupata riziki yao kwa pikipiki na motokaa kati ya makazi na mji, tumeona yafaa somo la hesabu la safari hii liwe juu ya jambo hili.

Kwanza tuitazame mipaka yenyewe. Ulio karibu na Mbarara ni Kikagati, kwa barabara ipitayo Isingiro, mwendo wa kilomita 75 hivi. Hapo Mto Kagera ndio mpaka, na ng'ambo ya daraja ni Murongo, katika wilaya ya Kyerwa, Tanzania. Murongo ni mji mdogo, na mwenye gari asitumaini kukuta kila kitu. Mutukula ni pakubwa zaidi, lakini kufika huko kutoka Mbarara ni kupitia Masaka na Kyotera, zaidi ya kilomita 200. Kwenda Rwanda mtu hupita Ntungamo mpaka Mirama Hills, au Kabale mpaka Katuna. Kongo iko mbali zaidi, huko Bunagana, mbele ya Kisoro.

Sasa tuulize: kwa nini spea ile ile iwe na bei mbili? Shokapu ya Toyota iliyofika Mbarara kwa kawaida ilishushwa Mombasa, ikapanda mpaka Kampala, ikauzwa pengine katika soko la Kisekka, ndipo ikaletwa magharibi. Ile ya Mutukula ilishushwa Dar es Salaam. Tukizipima njia hizo mbili, zote ni kilomita 1,400 hadi 1,500 hivi. Basi si kweli ya kuwa upande mmoja uko karibu sana na bahari. Tofauti ya bei hutokana na kodi, na kodi ya pango la duka, na idadi ya mikono iliyopita spea hiyo, na zaidi ya yote hutokana na thamani ya fedha. Shilingi ya Uganda ikipanda juu ya ile ya Tanzania, spea za Mutukula huwa rahisi kwetu bila muuzaji kupunguza hata senti moja. Ikishuka, urahisi huo hutoweka, ingawa habari zake huendelea kusimuliwa vijiweni kwa miezi mingi.

Tuchukue mfano. Bei zote hapa ni za kufanyia hesabu tu. Msomaji aweke za siku yake. Tuseme jozi ya shokapu za mbele Mbarara ni shilingi 400,000 za Uganda. Ng'ambo ni shilingi 200,000 za Tanzania. Kiwango cha serikali ni shilingi 1 ya Tanzania kwa 1.4 za Uganda, yaani 280,000. Mwenye gari husema papo hapo, "Nimeokoa 120,000!"

Pole pole. Mbadilishaji fedha wa mpakani hauzi kwa 1.4. Yeye naye ana watoto. Tuseme auza kwa 1.45, basi shokapu zimegharimu 290,000. Kisha kuna forodha. Tuseme ushuru ni 10 kwa mia ya 280,000, yaani 28,000. Juu ya jumla ya hizo mbili, 308,000, kuna kodi ya ongezeko la thamani, ambayo Uganda ni 18 kwa mia: 55,440. Angalia vema hapa, maana wanafunzi hukosea: kodi hiyo hutozwa juu ya bei pamoja na ushuru, si juu ya bei peke yake. Jumla ya kodi ni 83,440, na tozo nyingine tumeziacha ili hesabu isirefuke. Shokapu sasa zimefika 373,440.

Akiba iliyobaki ni 26,560, na bado mtu hajapanda basi. Nauli ya kwenda na kurudi tuseme 80,000, chakula 10,000, na siku moja ya gari kusimama bila kazi 50,000. Watu wengi huisahau hii ya mwisho kwa sababu hakuna anayewadai, lakini gari lisilobeba abiria ni gari linalokula. Jumla ni 140,000. Basi mtu huyu ametumia 513,440 kununua kitu cha 400,000. Amepoteza 113,440, naye arudi nyumbani akisifu bei ya Mutukula.

Je, akienda na fedha za wenzake? Ile 140,000 ni ya safari moja, anunue jozi moja au kumi. Tukigawa 140,000 kwa 26,560 tunapata 5.27. Wenye gari watano wakichangiana, kila mmoja hulipa 401,440, na hasara ni ndogo ila bado ni hasara. Wakiwa sita, kila mmoja hulipa 396,773 na kuokoa 3,227. Wakiwa kumi huokoa 12,560 kila mmoja, na pengine muuzaji atawapunguzia bei kwa kuwa wamenunua nyingi. Hapo ndipo faida ilipo, lakini yataka watu kumi walio na gari la namna moja, wenye kuaminiana, na mtu mmoja wa kumkabidhi fedha. Katika hayo matatu, la kwanza ndilo rahisi.

Yuko na mtu wa namna nyingine: dereva wa lori aliyepeleka mzigo mpakani. Safari yake imelipwa na mzigo, gari lake halikusimama kazi, na ile 140,000 haimhusu. Huyo akinunua jozi moja na kulipa kodi yake, ameokoa 26,560 kweli kweli. Ndiyo maana dereva wa lori husema kweli asemapo spea za ng'ambo ni rahisi, na mwenye Hiace hupata hasara kwa kumfuata.

Wengine husema, "Mbona Afrika Mashariki ni soko moja? Kodi ya nini?" Swali hili ni zuri. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ulianza mwaka 2005, na uko utaratibu mwepesi kwa wafanya biashara wadogo wenye bidhaa zisizozidi dola 2,000. Lakini utaratibu huo ni kwa bidhaa zilizozaliwa ndani ya Jumuiya, kama maharage, mahindi na samaki. Shokapu iliyotengenezwa Japani, au mnyororo wa Bajaj uliotengenezwa India, haugeuki kuwa wa Tanzania kwa kuwa ulikaa miezi miwili katika duka la Mutukula.

Na njia za panya? Tuifanye hesabu hiyo pia, bila kupepesa macho. Mtu asiyelipa kodi hutumia 290,000 na 140,000 za safari, jumla 430,000. Hata mwizi wa ushuru, akinunua jozi moja, amepoteza 30,000! Tena sheria ya forodha ya Jumuiya yaruhusu kukamatwa kwa mzigo pamoja na chombo kilichoubeba. Anayepitisha spea kwa pikipiki ameiweka pikipiki nzima rehani.

Sasa twafika kwenye jambo ambalo haliingii katika hesabu ya shilingi, nalo ni zito kwa nyumba nyingi zetu. Nakivale imepokea wakimbizi tangu miaka ya mwisho ya 1950, na mpaka haumtazami kila mtu kwa jicho moja. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 humpa mkimbizi haki ya kufanya kazi na kutembea nchini. Kwa hiyo aweza kwenda Mbarara kununua spea na kurudi. Lakini kitambulisho cha mkimbizi si hati ya kuvukia mpaka. Atakaye kwenda Tanzania yampasa kuomba kwanza hati ya kusafiria ya wakimbizi, ile iliyowekwa na Mapatano ya mwaka 1951, nayo haipatikani kwa siku moja. Na hati hiyo si ya kurudia nchi aliyoikimbia. Mkongo aendaye Bunagana kwa ajili ya spea ya bei ndogo, au Mrwanda aendaye Kagitumba, aweza siku moja kuulizwa: ikiwa huko waenda na kurudi upendavyo, ulinzi wa hapa wautakia nini? Swali hilo halimfiki yeye peke yake. Huwafika na mke na watoto walioandikwa pamoja naye. Kijana wa shule anayetumwa na baba yake au mjomba wake kuvuka "kwa dakika tano tu" na alieleze jambo hili nyumbani, kwa adabu, kabla hajaondoka.

Tena mpaka hufungwa. Ule wa Katuna na Gatuna ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Aliyenunua spea ng'ambo juma moja kabla, ikavunjika juma lililofuata, alikuwa na dhamana ya karatasi tu. Bunagana nako kulitekwa na M23 mwezi Juni 2022. Duka la Mbarara lina faida hii isiyoandikwa: spea isipoingia, waweza kuirudisha kesho yake na kugombana na mwenye duka uso kwa uso.

Na spea nyingi haziingii. Kwanza ni sababu ya lugha. Mtanzania husema spea, breki na shokapu. Mkongo husema piesi, freni na amortiseri. Na fundi wa Mbarara huchanganya yote na Kinyankole. Dawa yake ni namba. Spea za Toyota huwa na tarakimu kumi au herufi ndani yake, na tano za kwanza huonyesha namna ya kitu: 90915 ni chujio cha oili, 04465 ni pedi za breki za mbele. Tano za pili ndizo zitofautishazo gari na gari. Soma pia kibati cha gari lako. Hiace ya KDH ni ya dizeli na ya TRH ni ya petroli, ingawa kwa nje zafanana kama mapacha. Andika namba hizo daftarini kabla ya kutoka nyumbani, na spea ya zamani uibebe mfukoni hata ikichafua nguo.

Pili, Uganda na Tanzania magari hupita kushoto. Rwanda na Kongo hupita kulia. Taa ya mbele iliyotengenezwa kwa nchi za kulia huelekeza mwanga wake upande usio wetu, nayo humpofusha dereva ajaye mbele. Kitu chochote cha usukani, cha dashibodi au cha waipa kiulizwe mara mbili kabla ya kulipwa.

Kuhusu sevisi, maneno yetu ni machache. Kumwaga oili, kubadili chujio, kupaka grisi na kupima upepo wa matairi ni kazi za gereji yoyote nzuri ya Mbarara, na hatujaona hesabu yoyote inayoruhusu kuvuka mpaka kwa ajili yake, ila kwa aliyekwisha kuwa huko. Kwa vumbi la njia zetu, chujio cha hewa ndicho kifacho kwanza. Mwenye gari anayelifungua kila juma na kulitazama huokoa mafuta bila nauli yoyote.

Zoezi. Mnyororo na meno yake kwa pikipiki ni shilingi 65,000 Mbarara, na Murongo ni shilingi 35,000 za Tanzania. Viwango vya fedha, ushuru na kodi ni vile vile vya mfano wa juu. Safari ya kwenda Murongo, pamoja na chakula na siku iliyopotea, ni 60,000. Je, wapanda bodaboda wangapi wachangiane ndipo kila mmoja apate faida? Onyesha njia yote, wala usishangae ukiona jibu lako si namba.