Chakula cha Vifaranga: Mimea Mitupu, au Mimea na Dagaa?

Neno kwa mfugaji

Mfugaji anayewatupia vifaranga wake pumba za mahindi asubuhi na jioni, akaona wiki zinapita ilhali miili haiongezeki wala manyoya hayafungi, aghalabu hudhani kuwa mbegu ni mbaya au jicho la hasidi limeingia bandani, kumbe ila imo katika chakula chenyewe.

Mwili hujengwaje

Protini imeundwa kwa asidi amino za namna nyingi, na ikipungua moja iliyo ya lazima, ujenzi husimama, mfano wa fundi aliye na mawe tele asiye na chokaa. Mwaka 1914 Thomas Osborne na Lafayette Mendel, huko Connecticut, Marekani, waliwalisha panya zeini, protini ya mahindi, pasipo protini nyingine, wakadhoofika; walipowaongezea triptofani na lisini, wakakua. Na zile asidi amino zilizokosa wenzake mwili hauziweki akiba: huzivunja, na nitrojeni yake kwa kuku hutoka kuwa ule weupe tuuonao juu ya kinyesi, yaani mali ya mfugaji inayokwenda bure.

Kuku si ng'ombe

Ng'ombe hucheua, na ndani ya tumbo lake kuu bakteria humtengenezea protini kutokana na majani, na vitamini B12 pia, maadamu malisho yana kobalti ya kutosha. Kuku hana hazina hiyo. Yeye kwa tabia yake ni mla vyote, naye akiachwa huru huchakura mchwa na minyoo. Vifaranga waliofungiwa na kulishwa mimea mitupu walidumaa, na wataalamu wakahisi kuwa katika vyakula vya asili ya wanyama mna kitu kisichojulikana, hata mwaka 1948 ikapatikana vitamini B12, ambayo mimea haina. Kinyume chake pia kina madhara: kichaa cha ng'ombe, kilichotambuliwa Uingereza mwaka 1986, kilienezwa na unga wa nyama na mifupa waliolishwa wanyama walioumbiwa majani.

Ya kutenda

1. Vifaranga wapewe chakula chenye protini ya asilimia 20 hivi. Mahindi peke yake hayafikii hata nusu yake.

2. Dagaa wawe wakavu, wasionuka uvundo. Watie kidogo katika maji, na mchanga uliochanganywa utazama chini.

3. Soya ikaangwe au ichemshwe kwanza, kwani ikiwa mbichi huzuia kusagika kwa protini tumboni.

4. Asiye na dagaa asikate tamaa: soya na mashudu ya alizeti, pamoja na mchanganyiko wa vitamini na madini wenye B12, na methionini ya kutosha, vitawakuza vifaranga vyema.

Kifaranga hatambui jina la chakula, bali hutambua kilichotimia na kilichopungua. Basi kabla hatujailaumu mbegu, na tukitazame kihori.