Pumba Tunazowapa Kuku

Kila jioni, vijijini na katika mitaa ya miji yetu, akina mama hupanga foleni mbele ya mashine ya kusaga, kila mmoja na ndoo yake ya mahindi. Mama hulipa mara mbili. Kwanza hulipa ili mahindi yakobolewe, kisha hulipa tena ili yasagwe. Hurudi nyumbani na sembe nyeupe kichwani, na pumba zilizotoka katika kukoboa hupewa kuku au nguruwe, au huachwa palepale kwa mwenye mashine. Ukimwuliza kwa nini asisage dona, atakujibu kwamba dona ni chakula cha shule za bweni na cha magereza, na kwamba hawezi kumwekea mgeni wake ugali wa rangi ile.

Hatumlaumu mama huyo. Sisi sote tumelelewa hivyo, na wengi wetu tumewahi kuugeuzia uso ugali wa dona. Lakini yafaa tujue ni kitu gani hasa tunacholipia kiondolewe. Punje ya nafaka, iwe ya mahindi, ngano, mtama au ulezi, ina sehemu tatu. Nje kuna ganda, ambalo likisagwa ndizo pumba. Ndani kuna wanga mweupe, ulio sehemu kubwa ya punje. Pembeni kuna kiini, ndicho kinachochipua mbegu ikipandwa, nacho kina mafuta na vitamini. Mashine ya kukoboa huondoa ganda, na mara nyingi kiini hutoka pamoja nalo, tukabakiwa na wanga. Huko Ulaya na Marekani mambo yalikwenda vivyo hivyo katika miaka ya 1870 na 1880, zilipoenea mashine zenye magurudumu ya chuma. Unga mweupe, uliokuwa chakula cha matajiri, ukawa chakula cha kila mtu. Tena wafanyabiashara waliupenda, kwa kuwa unga usio na kiini hauchachi upesi ghalani.

Jambo hili lahusianaje na ugonjwa wa saratani, ambao wengi huuita kansa? Saratani ya utumbo mpana ni mojawapo ya saratani tatu zinazowapata wanawake wengi zaidi duniani. Katika mwaka 2022, ukihesabu wanaume na wanawake pamoja, watu wapatao milioni 1.9 waligunduliwa kuwa nayo, na wapatao 900,000 walikufa kwayo. Zamani ilisemekana kuwa ni ugonjwa wa Wazungu. Leo hatuwezi kusema hivyo. Kumbukumbu za Taasisi ya Saratani ya Ocean Road na za Hospitali ya Taifa Muhimbili, tangu mwaka 2005 hadi 2015, zaonyesha idadi ya wagonjwa hao ikipanda.

Mtu aliyewafanya madaktari wengi wa Ulaya waanze kuutazama mkate wao kwa mashaka alikuwa jirani yetu. Jina lake Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyezaliwa Ireland mwaka 1911. Alifika Uganda mwaka 1946, akatumika Lira, kisha katika hospitali ya Mulago mjini Kampala. Alijulikana kwanza kwa saratani ya taya za watoto, aliyoieleza mwaka 1958 na ambayo hadi leo ina jina lake. Lakini jambo jingine halikumtoka akilini: magonjwa ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Uingereza yalikuwa machache mno katika wodi za Afrika. Aliandikia hospitali nyingi, hasa za misheni, akiwauliza madaktari wanaona nini. Alipima hata uzito wa choo cha watu na muda ambao chakula hukaa tumboni, kazi ambayo wengi waliicheka. Aliona kwamba watu wa vijijini Afrika walipata choo kingi, laini na cha haraka, na Waingereza walipata choo kidogo, kigumu na cha kuchelewa. Mwaka 1971 aliandika kwamba sababu yaweza kuwa ni nyuzinyuzi za chakula, yaani ile sehemu ya mimea ambayo tumbo haliwezi kuisaga.

Hayo yalikuwa mawazo ya mtu mwenye macho mazuri. Hayakuwa bado ushahidi. Watu wa Uganda na watu wa Uingereza walitofautiana katika mambo mengi sana kuliko nyuzinyuzi. Tena wengi wa Waganda hao walikula matoke, viazi na maharagwe, wala si nafaka. Ilibidi kuwachukua watu wa nchi moja, kuandika wanachokula, na kungoja miaka.

Kazi hiyo ilifanyika Uswidi, nayo ilifanywa kwa wanawake. Kati ya mwaka 1987 na 1990, wanawake wa majimbo ya Västmanland na Uppsala walioitwa kupimwa matiti kwa eksirei waliombwa pia kujaza karatasi ya maswali juu ya vyakula vyao. Wanawake 61,433, wenye umri wa miaka 40 hadi 76, walihesabiwa, wakafuatiliwa kwa wastani wa miaka karibu 15. Habari zao zilichapishwa mwaka 2005. Katika muda huo, 805 kati yao walipata saratani ya utumbo mpana au ya sehemu yake ya mwisho, iliyo karibu na njia ya haja kubwa. Wale waliokula nafaka isiyokobolewa vipimo vinne na nusu au zaidi kwa siku (kipimo kimoja tukifikirie kama kipande kimoja cha mkate mweusi) walilinganishwa na wale waliokula pungufu ya kimoja na nusu. Hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa wale wa kwanza ilikuwa pungufu kwa theluthi moja hivi. Lakini kwa saratani ya ile sehemu ya mwisho, hapakuonekana tofauti.

Hapa twamwomba msomaji asimame kidogo, maana ndipo watu wanapodanganyika. Theluthi moja ni neno kubwa. Mtu aweza kudhani kwamba katika kila wanawake watatu mmoja aliokolewa na mkate. Sivyo. Tuhesabu pamoja: 805 katika 61,433 ni kama 13 katika kila 1,000, kwa muda wa karibu miaka 15, na katika hao 13 tumewatia pia wale wa sehemu ya mwisho, ambao nafaka haikuwapa nafuu iliyoonekana. Theluthi tunayoisema ni theluthi ya hao wachache. Kwa mwanamke mmoja, faida ni ndogo. Kwa taifa lenye mamilioni ya wanawake, ni watu wengi, na kila mmoja wao ni mama au binti wa mtu.

Kisha kuna swali la pili. Mwanamke apendaye mkate mweusi huenda pia havuti sigara, hatembei kwa gari kila mahali, wala hanywi pombe nyingi. Ni kipi kilichomlinda? Watafiti hujitahidi kuyapima mambo hayo na kuyatenga kwa hesabu, nao wa Uswidi walifanya hivyo, lakini hesabu haiwezi kuosha kila kitu.

Wala wanawake wote waliochunguzwa hawakutoa jibu moja. Mwaka 1999 zilichapishwa habari za wauguzi 88,757 wa Marekani, waliofuatiliwa kwa miaka 16. Kati yao 787 walipata saratani hiyo, na kiasi cha nyuzinyuzi walizokula hakikuonekana kuwa kinga. Mwaka uliofuata mambo yakazidi kuwa magumu. Huko Arizona, watu 1,429, wanaume kwa wanawake, ambao walikuwa wameondolewa vivimbe vidogo vya utumbo, vile ambavyo huweza kugeuka saratani, waligawanywa makundi mawili: hawa wakapewa pumba nyingi za ngano kila siku, na hawa chache. Baada ya miaka kama mitatu, vivimbe vilikuwa vimerudi kwa wote sawasawa.

Magazeti mengi ya wakati ule yaliandika kwamba habari ya nyuzinyuzi imekwisha. Kwa maoni yetu, waliandika upesi mno. Miaka mitatu ni michache kwa ugonjwa unaojijenga kwa miaka kumi au zaidi. Lakini la maana kuliko hilo ni hili: wauguzi wa Marekani waliulizwa juu ya nyuzinyuzi, na wale wa Uswidi waliulizwa juu ya nafaka nzima. Si kitu kimoja. Pumba zilizotengwa, zikatiwa katika bakuli kama dawa, si sawa na punje iliyoliwa pamoja na ganda lake na kiini chake, tena kila siku kwa miaka mingi. Mwaka 2011 wataalamu walikusanya pamoja uchunguzi 25 wa namna hii. Waliona kwamba kila gramu 90 za nafaka nzima kwa siku ziliambatana na upungufu wa asilimia 17 wa hatari ya saratani ya utumbo. Na mwaka 2017 Mfuko wa Dunia wa Utafiti wa Saratani uliamua kwamba nafaka nzima yaelekea kupunguza hatari hiyo. Hawakusema kwamba imethibitika kabisa.

Jinsi inavyofanya kazi yaeleweka kwa sehemu. Nyuzinyuzi hufyonza maji na kukifanya choo kiwe kikubwa na chepesi, nacho hakikai muda mrefu kikigusana na kuta za utumbo. Tena ndani ya utumbo mpana wanaishi bakteria wasiohesabika, na hizo nyuzinyuzi ndizo chakula chao. Wakizila hutoa asidi iitwayo butiriki, ambayo hulisha ngozi ya ndani ya utumbo na kutuliza uvimbe. Mwaka 2015 wataalamu walieleza jinsi walivyobadilishana vyakula kati ya Wamarekani weusi 20 wa mji wa Pittsburgh na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini. Kwa wiki mbili tu, Wamarekani walikula chakula cha shamba chenye nyuzinyuzi nyingi, na Waafrika walikula nyama na mafuta kwa wingi. Dalili za hatari katika utumbo zilipungua kwa Wamarekani na kuongezeka kwa Waafrika. Wiki mbili hazioneshi saratani, lakini zaonyesha jinsi utumbo unavyogeuka upesi kufuata sahani.

Basi turudi kwenye mashine ya kusaga. Wanawake wa Uswidi walikula zaidi ngano na rai, ambayo ni ndugu wa ngano, hawakula dona. Hata hivyo ganda la hindi nalo ni ganda la nafaka, na uji wa ulezi au ugali wa mtama usiokobolewa ni nafaka nzima kama mkate wao. Mama anayeona dona ni nzito kwa watoto aweza kuanza kwa kuchanganya nusu dona na nusu sembe. Asage kidogo kidogo, kwa kuwa mafuta ya kiini huufanya unga wa dona uchache mapema. Na wenye nyumba wanywe maji ya kutosha, maana nyuzinyuzi bila maji huleta kufunga choo badala ya kukifungua.

Lakini kuna jambo ambalo tungekuwa tumefanya vibaya kulificha. Mahindi yaliyovunwa mabichi na kuwekwa yakiwa na unyevu huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumukuvu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, sumu hiyo iliua watu wapatao 20, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Sumu hukaa zaidi katika ganda na kiini, ndiyo sababu kukoboa huipunguza. Kwa hiyo dona yataka mahindi safi: yaanikwe juu ya turubai wala si juu ya udongo, yakauke barabara, na kabla ya kwenda mashineni yachambuliwe, punje zilizooza, zilizobadilika rangi au zilizosinyaa zikitupwa mbali. Zisipewe kuku pia. Mama ambaye hana yakini na mahindi yake, kwa mfano aliyoyanunua sokoni wakati wa mvua, afadhali ayakoboe, na nyuzinyuzi azitafute katika maharagwe, mboga na matunda.

Tena asiwepo mwanamke atakayesema, "Mimi nala dona, sina haja ya daktari." Damu katika choo, choo kilichobadilika kwa wiki nyingi, maumivu ya tumbo yasiyokwisha, kukonda bila sababu: hayo yote yapasa kuonyeshwa hospitali. Wengi husema ni bawasiri, wakanyamaza kwa haya. Kwa wanawake kuna mtego mwingine. Saratani ya utumbo huweza kutoa damu kidogo kidogo isiyoonekana, mwili ukaishiwa damu, na mama aliyechoka akaambiwa kwamba ni hedhi tu au ni uzazi. Kwa mama ambaye hedhi yake imekwisha koma, upungufu wa damu hauwezi kuelezwa hivyo. Basi amwulize daktari waziwazi kama utumbo wake umeangaliwa. Akiwa na mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata saratani hiyo, aliseme hilo siku ya kwanza, kabla hajaulizwa.