Si Kila Anayeanguka Alfajiri Ana Kifafa

Kongosho ni tezi iliyo nyuma ya tumbo la chakula. Hutengeneza insulini, ambayo hushusha sukari katika damu. Mara chache sana huota humo uvimbe mdogo uitwao insulinoma, unaotoa insulini bila kipimo.

Mgonjwa akikaa na njaa, hasa alfajiri, hutoka jasho, hutetemeka, husema ovyo, au huzimia na kukakamaa. Jamaa hudhani ni kifafa, ulevi au mapepo. Akinywa chai yenye sukari, hupata nafuu upesi.

Katika miaka ya 1930 daktari Allen Whipple wa Marekani alifundisha kutazama mambo matatu: dalili wakati wa njaa, sukari kuwa chini wakati huo huo, na nafuu baada ya kupewa sukari. Hospitalini mgonjwa huweza kukaa bila kula hadi saa 72, akiangaliwa, huku damu yake ikipimwa sukari na insulini. Jambo hili msilijaribu nyumbani. Kisha uvimbe hutafutwa kwa picha. Wengi hupona kwa upasuaji.

Basi, dalili zikimshika mtu, apimwe sukari wakati ule ule. Aliyezimia asinyweshwe kitu. Apelekwe hospitali mara moja.