Panda kama Machela ya Shiva: Njia ya Kedarnath na Nduguze Wanne

Kila mwaka, kati ya mwishoni mwa Aprili na Mei, sanamu ya Shiva, mungu wa Wahindu, hutolewa kwenye hekalu la Omkareshwar mjini Ukhimath, kaskazini mwa India, ikawekwa kwenye machela iliyopambwa maua na kubebwa mabegani hadi hekalu lake la Kedarnath. Wanaoibeba ni watu wa milimani, waliokulia kwenye miteremko ile, na baadhi yao huenda pekupeku. Hata hivyo hawafiki siku hiyo hiyo. Usiku wa kwanza machela hulala Guptakashi, wa pili Phata, wa tatu Gaurikund, na siku ya nne ndipo hufika juu. Mungu mwenye mlima wake analala njiani mara tatu. Sisi tunaotoka Dar es Salaam na Mombasa, tuliolelewa usawa wa bahari, tunataka tufike kwa siku mbili.

Mara ya kwanza nilitaka hivyo. Nilitoka Delhi kwa basi la usiku, jioni iliyofuata nikawa Sonprayag, na alfajiri nikaanza kupanda kutoka Gaurikund. Saa kumi jioni nilikuwa Kedarnath. Saa nne usiku nilikuwa nimejikunyata kitandani, kichwa kinanipwita, kila ninachokunywa kinarudi. Mwenye nyumba ya wageni alinishika mkono akanipeleka kituo cha afya, nikawekewa oksijeni, na kulipokucha nikateremshwa. Sikuingia hekaluni. Nilivuka bahari yote ile nikaambulia kuona paa.

Ndiyo maana nasisitiza hesabu hii kabla ya jambo lingine lolote. Gaurikund, mahali gari linapoishia, pako karibu mita 1,980 juu ya usawa wa bahari. Kedarnath ni mita 3,583. Katikati kuna kilomita 16 za kupanda kwa miguu. Aliyewahi kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anajua kwamba langoni ni mita 1,879, usiku wa kwanza unalala Mandara kwenye mita 2,720, na wa pili ndipo unalala Horombo kwenye mita 3,720. Kedarnath iko chini kidogo tu ya Horombo, na hakuna mwongoza wageni wa Kilimanjaro mwenye akili timamu atakayemlaza mgeni Horombo usiku wa kwanza. Oksijeni ni ile ile kwa asilimia, lakini mgandamizo wa hewa unapungua, hivyo kila pumzi huko juu inakupa takriban thuluthi mbili ya kile ambacho ingekupa Mombasa. Mwili hujirekebisha ukipewa muda, na muda wenyewe unahesabiwa kwa usiku unaolala.

Mara ya pili nilikwenda na mama, akiwa na miaka 66, na tukafuata mwendo wa machela. Kutoka Delhi tulilala Rishikesh. Kesho yake tukaondoka saa kumi na moja alfajiri, maana barabara ya milimani hufungwa mara kwa mara na mawe yanayoporomoka na dereva mzuri hapendi giza limkute njiani. Unapita Devprayag, ambako Alaknanda na Bhagirathi zinakutana na kuwa Ganga, kisha Rudraprayag, ambako unaiacha Alaknanda na kufuata bonde la Mandakini. Tulilala Guptakashi usiku mbili. Siku ile ya katikati si ya kupoteza: Guptakashi ina hekalu lake la zamani la Vishwanath, na Ukhimath iko ng'ambo ya bonde. Mama alitembea taratibu, akala, akalala mchana. Siku ya nne tukalala Gaurikund. Siku ya tano tukapanda hadi Bheembali tu, chini kidogo ya nusu ya njia, na siku ya sita tukamaliza. Malazi ya njiani, huko Bheembali na juu zaidi Linchauli, ni mahema na vibanda vya kawaida, na msimu wa watu wengi hujaa. Hakikisha una nafasi kabla hujaondoka Guptakashi, usitegemee bahati.

Sasa dalili. Kichwa kuuma kidogo na kukosa hamu ya kula kwenye mwinuko huo ni jambo la kawaida. Hapo usipande zaidi, kunywa maji, pumzika. Maumivu yakizidi, ukianza kutapika, ukikohoa huku unatweta hata ukiwa umekaa, ukiyumba kama mlevi au mwenzako akianza kuzungumza mambo yasiyoeleweka, unashuka. Unashuka saa hiyo hiyo, iwe usiku au mvua, na mgonjwa haachwi ashuke peke yake. Kopo la oksijeni linalouzwa njiani linakupa nafuu ya dakika chache tu; haliwezi kuchukua nafasi ya kushuka. Kuna dawa ya asetazolamidi, wengi wanaijua kwa jina la Diamox, inayosaidia mwili kuzoea mwinuko. Zungumza na daktari wako nyumbani, hasa kama una mzio wa dawa za salfa, kisukari, shinikizo la damu au tatizo la figo. Usisubiri ununue kwa kubahatisha ukiwa mlimani.

Kuhusu msimu sina mashaka: nenda Mei hadi katikati ya Juni ukivumilia umati, au katikati ya Septemba hadi Oktoba kama mimi, mvua ikiwa imekwisha na vilele vinaonekana. Nusu ya pili ya Juni, Julai na Agosti acha. Tarehe 16 na 17 Juni 2013, mvua kubwa na kupasuka kwa ziwa la Chorabari juu ya hekalu vilileta mafuriko yaliyoua maelfu ya watu katika jimbo la Uttarakhand na kukifuta kituo cha Rambara kilichokuwa katikati ya njia. Hekalu lilibaki. Nyuma yake kuna jiwe kubwa lililobingirishwa na maji likakwama hapo na kuugawa mkondo. Mahujaji huligusa wakipita. Njia ya leo ni ndefu kuliko ya zamani kwa sababu ilibidi ihamishiwe ng'ambo ya mto. Na tarehe 31 Julai 2024 mvua ilikata njia tena, watu kwa maelfu wakaokolewa kwa helikopta na kwa kamba. Nikikwambia usiende wakati wa mvua, nakwambia nikiwa nimesimama mbele ya jiwe hilo.

Tarehe ya kufungua hekalu hutangazwa siku ya sikukuu ya Maha Shivaratri, huko Ukhimath, na kufungwa ni siku ya sikukuu ya Bhai Dooj, punde tu baada ya Diwali. Usikate tiketi ya ndege kabla ya tangazo. Usajili wa mahujaji ni wa lazima, unafanywa kwenye tovuti ya serikali ya Uttarakhand.  Chapisha karatasi yake na nakala ya pasipoti, kwa sababu simu huzimika kwa baridi. Anayetoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo asisahau kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, na chanjo iwe imechomwa siku 10 au zaidi kabla ya kuingia India. Mtanzania anayepitia Nairobi naye aibebe. Fedha taslimu chukua Rishikesh.

Mazoezi yetu yalikuwa ngazi. Pwani haina mlima, ila majengo ya ghorofa yapo. Miezi mitatu, siku nne kwa wiki, mama alipanda na kushuka ngazi za jengo letu akiwa na mkoba wa kilo tatu mgongoni, na majirani wakazoea kumpisha. Kushuka ndiko wengi hawakufanyii mazoezi, na ndiko kunakoua magoti: kilomita 16 za kurudi, mawe yakiwa yamelowa. Fimbo ya mianzi inauzwa Gaurikund kwa bei ndogo, nunua mbili. Viatu viwe umevivaa angalau mwezi mzima. Beba koti la mvua la kweli, kofia ya sufu, glavu, soksi za akiba ndani ya mfuko wa plastiki, na tochi ya kichwani. Usiku huko juu baridi huingia hadi kwenye mifupa hata mwezi wa Juni.

Njiani utawakuta nyumbu, mamia yao, wakipanda na kushuka. Ukisikia kengele zao, simama upande wa ukuta wa mlima, kamwe usisimame upande wa bonde. Nyumbu hana nia mbaya, lakini mzigo wake ni mpana kuliko anavyodhani, na mguso mmoja unatosha kukutupa. Mwenyewe sipandi nyumbu tena. Nimemwona mmoja amelala pembeni ya njia, povu mdomoni, na mwenzake akipitishwa juu ya miguu yake ili foleni isikatike. Asiyeweza kutembea anaweza kukodi machela ya watu wanne, au mpagazi mwenye kapu la mgongoni. Wengi wa wabebaji hawa ni vijana kutoka Nepal. Kodi kwenye kibanda rasmi chenye bei iliyoandikwa ukutani, na chakula cha mpagazi wako ukigharimie. Mama alitembea mwenyewe. Mpagazi wetu alibeba mizigo tu. Kila nilipoharakisha alinizuia kwa mkono na kusema neno moja la Kihindi, "aaram se", yaani taratibu, na mama akalijibu kwa Kiswahili: "Polepole, mwanangu, umesikia." Walielewana siku nzima kwa maneno hayo mawili.

Ukifika, lala kwanza. Alfajiri ndiyo saa ya kuingia, umati unaporuhusu, kwa maana wakati huo mahujaji hukaribia na kugusa jiwe lenyewe linaloabudiwa ndani. Jioni sanamu huwa imepambwa na huonwa kwa mbali. Jiwe hilo halikuchongwa likawa laini kama ya mahekalu mengine ya Shiva. Ni mwamba wenye pembe tatu, kama mgongo wa mnyama unaochomoza ardhini. Watu hulipaka samli kwa viganja. Mama alibeba samli yake kutoka nyumbani, kwenye chupa ndogo ya dawa, na kwa baridi ile iliganda ikawa ngumu kama mshumaa. Aliishika kwapani foleni nzima, saa mbili unusu, hadi ikalainika. Alipoipaka alilaza na shavu pia. Basi nakushauri: samli yako iweke ndani ya nguo tangu usiku.

Umbo lile la jiwe lina kisa chake. Ndugu watano wa ukoo wa Pandava, baada ya vita vya Kurukshetra walimowaua jamaa zao, walimtafuta Shiva awasamehe. Yeye akawakimbia kwa umbo la fahali, akajificha Guptakashi, na mmoja wao, Bhima, alipomkamata, Shiva akazama ardhini. Nundu ilibaki Kedarnath, mikono ikatokea Tungnath, kitovu Madhyamaheshwar, uso Rudranath, na nywele Kalpeshwar. Hizo tano ndizo Panch Kedar. Kwa desturi unaanza Kedarnath na kumalizia Kalpeshwar, kisha wengi huendelea hadi Badrinath, kwenye hekalu la mungu Vishnu.

Mwenye siku chache achague Tungnath. Unalala Chopta, karibu mita 2,700, unapanda njia ya mawe isiyofika kilomita 4 hadi mita 3,680, unaabudu, unashuka kulala chini. Ni hekalu la Shiva lililo juu kuliko yote matano, na bado mwili hauteseki sana kwa sababu usiku hulali huko. Madhyamaheshwar inaanzia kijiji cha Ransi, kilomita zipatazo 16. Ukifika usirudi bila kupanda kilima cha juu yake alfajiri, ambako kilele cha Chaukhamba, mita 7,138, hujitazama kwenye kidimbwi kidogo. Rudranath ndiyo ngumu kuliko zote: kama kilomita 20 kutoka Sagar, msitu kwanza kisha nyasi za juu ambako ukungu ukishuka huoni njia. Huko usiende bila mwenyeji. Kalpeshwar ni pango, gari linafika karibu, na halifungwi mwaka mzima.

Kwa wale ambao daktari amewakataza, hekalu la Kedarnath likifungwa, machela hushuka kwa siku tatu hadi Ukhimath, na Shiva huabudiwa pale majira yote ya baridi. Ukhimath ni karibu mita 1,300 tu. Shangazi yangu ana moyo mkubwa kuliko inavyotakiwa, na mlima kwake haukuwezekana. Tulimpeleka Desemba. Gari lilisimama karibu na lango, akashuka, akavua viatu, akatoa kwenye begi chupa ya samli aliyopewa na mama.