Visikizi vya Kuzima Kelele: Vinamfaa Abiria, Vinamponza Dereva

Mwendeshaji boda anayepeleka abiria kutoka Nambale hadi mjini Busia na kurudi mara kadhaa kwa siku huchoka namna mbili. Uchovu wa mgongo humalizika akilala. Uchovu wa masikio hukaa zaidi: jioni amezima injini, lakini mvumo bado uko kichwani, na akiongea na watu wa nyumbani anapaza sauti bila kujua. Dereva wa trekta la miwa naye yuko hivyo hivyo, tena yeye hukalia injini isiyo na kibanda, trela mbili zikigongana nyuma yake kwenye kila shimo. Wa lori aliyetoka Mombasa kuelekea Malaba amekuwa na ngurumo hiyo kwa siku nzima au mbili.

Ndiyo maana vipokea sauti vidogo vya kuchomeka masikioni, yaani visikizi, vimepata wateja wengi kando ya barabara zetu. Vingine sasa vina uwezo wa kuzima kelele ya nje. Unabonyeza, na barabara inanyamaza. Swali ambalo wakazi wengi huuliza ni kama kuna ubaya wowote dereva akivitumia kupunguza kelele ya safari, hasa kama hasikilizi muziki wala hapigi simu.

Jibu ni kwamba abiria avae, dereva asivae. Lakini jibu hilo halimtoshi mtu anayeumwa na kichwa kila jioni, kwa hiyo ni vyema kueleza sababu zake. Wengi wanaovaa vifaa hivi si wazembe. Wanakimbia kitu ambacho kweli kinawaumiza.

Kelele yenyewe ni tatizo la afya

Sauti hupimwa kwa desibeli. Wataalamu wa afya kazini wanachukua desibeli 85 kwa saa nane kuwa kiwango ambacho sikio huanza kuwa hatarini likikipata siku baada ya siku. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama hupungua kwa nusu: 88 ni saa nne, 91 ni saa mbili. Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2005 za kudhibiti kelele kazini zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye kelele ya wastani inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa nane katika siku moja.

Kanuni hizo ziliandikwa zikimlenga mwajiri na kiwanda chake. Mwendeshaji boda hana meneja wa kumpimia kelele. Pikipiki ikikimbia, upepo unaopiga kwenye helmeti peke yake unaweza kupita desibeli 85, na hapo bado hujahesabu injini na lori linalopishana naye. Seli za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa hazioti tena, na hakuna dawa ya kuzirudisha.

Kwa hiyo anayetafuta nafuu ana haki ya kuitafuta. Kosa liko kwenye kifaa alichochagua.

Kifaa kinavyofanya kazi

Sauti ni mawimbi ya hewa, yanayopanda na kushuka. Kisikizi cha kuzima kelele kina maikrofoni ndogo inayosikiliza kelele ya nje. Chombo cha ndani hutengeneza wimbi lililo kinyume cha lile: la nje likipanda, lake linashuka. Mawili yakikutana sikioni yanafutana, na mtu anasikia ukimya.

Teknolojia hii ina historia ndefu. Mjerumani Paul Lueg alipata hataza ya wazo hilo Marekani mwaka 1936. Mwaka 1978 Amar Bose, akiwa kwenye ndege kutoka Ulaya kwenda Marekani, aliudhika kwa ngurumo ya injini na kuanza kupiga hesabu za namna ya kuifuta. Mwaka 1989 kampuni yake ikaanza kuuza vifaa hivyo kwa marubani. Hapa watu husema: kama rubani anavaa, kwa nini mimi nisivae? Rubani huambiwa kuhusu ndege nyingine kupitia kifaa hicho hicho. Hakuna mtoto anayekimbilia mpira mbele yake, wala ng'ombe aliyekata kamba.

Kufutana kwa mawimbi kunafanikiwa sana kwa sauti nzito zinazoendelea bila kubadilika, kama ngurumo ya injini. Sauti hizo zinaweza kupunguzwa kwa desibeli 20 hadi 30, na mtu huhisi kelele imepungua nusu kwa kila desibeli 10 hivi. Sauti nyembamba na za ghafla, kama vile honi, kengele ya baiskeli au mtu akipiga ukelele, chombo hakiwahi kuzifuta vizuri. Hizo huzuiwa na kitu kingine: kile kipira laini kinachoziba tundu la sikio.

Ukiweka mambo hayo mawili pamoja, tatizo la dereva linaonekana. Ngurumo ya trela linalokuja nyuma ni sauti nzito inayoendelea. Ndiyo hasa sauti ambayo kifaa kimeundwa kuifuta. Mashine haijui kama ngurumo inatoka kwenye injini ya pikipiki yako au kwenye lori la tani nyingi lililo mita chache nyuma yako. Inafuta zote.

Hoja ya upande wa pili

Wanaovitetea vifaa hivi wana hoja isiyo ya kupuuzwa. Wanasema ngurumo nzito hufunika sauti nyingine, hivyo ikiondolewa, honi husikika vizuri zaidi. Kwa abiria aliyeketi ndani ya ndege au basi jambo hilo lina ukweli: wengi hugundua wanasikia mazungumzo vizuri zaidi. Barabarani, hata hivyo, honi ni onyo la mwisho. Kabla ya honi kuna mlio wa matairi, injini inayobadilisha gia, mchanga unaorushwa na gurudumu la gari lililoacha lami. Dereva mzoefu huzisikia sauti hizo na kusogea kabla hajapigiwa honi, mara nyingi bila hata kutambua amesikia nini. Akizizima, anabaki na honi peke yake, nayo imepita kwenye kipira kilichoziba sikio.

Kuna pia suala la upande. Mtu hujua sauti inatoka wapi kwa sababu inafika sikio moja kabla ya jingine, kwa tofauti isiyofika sehemu moja ya elfu ya sekunde, na ikiwa na nguvu tofauti kidogo. Ubongo hufanya hesabu hiyo wenyewe. Anayevaa kisikizi kimoja tu, akidhani amepata njia ya kati, huiharibu hesabu hiyo. Atasikia king'ora cha ambulensi na asijue kama inatoka Mumias au Busia, akaanza kugeuza kichwa huku pikipiki ikiendelea kwenda mbele.

Mpangilio wa kuruhusu sauti za nje, unaopatikana kwenye visikizi vingi, hautoi suluhu kamili. Sauti bado inapita kwenye maikrofoni, na kwenye pikipiki maikrofoni hiyo hupigwa na upepo. Isitoshe, kubonyeza kwa bahati mbaya kunaweza kurudisha ukimya.

Wengine watataja viziwi, ambao katika nchi nyingi wana leseni na wanaendesha vizuri. Ni kweli. Lakini kiziwi amezoeza macho yake maisha yote, na hutazama vioo kwa namna ambayo mtu anayesikia hajawahi kuhitaji. Aliyeziba masikio asubuhi ya leo hana mazoezi hayo.

Hesabu ya sekunde

Chukua mfano. Pikipiki inakwenda kilomita 50 kwa saa kwenye barabara ya Busia kwenda Mumias, karibu na Nambale. Nyuma yake linakuja trela kwa kilomita 80 kwa saa. Tofauti yao ni kilomita 30 kwa saa, yaani mita 8 na kidogo kila sekunde. Mwendeshaji akiligundua likiwa umbali wa mita 100, ana sekunde 12: anatazama kioo, anapunguza mwendo, anachagua mahali ambapo ukingo wa lami haujakatika, anasogea. Akiligundua likiwa mita 30, hana hata sekunde nne. Abiria wake, mara nyingi mama mwenye mzigo au mwanafunzi, hana sauti katika uamuzi huo.

Inafaa kukumbuka kwamba neno boda boda lenyewe lilizaliwa hapa mpakani, enzi ambazo watu walivushwa kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda. Mwenye baiskeli alisikia kila kitu. Pikipiki imeleta mwendo na kuondoa ukimya, na sehemu ya kelele hiyo si ya lazima hata kidogo, kama inavyoelezwa hapa chini.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 49 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinafanya kuendesha gari bila uangalifu unaostahili, au bila kuwajali watumiaji wengine wa barabara, kuwa kosa. Kifungu hicho hakihitaji kutaja kifaa kwa jina. Dereva akigonga mtu akiwa ameziba masikio, atakuwa na kazi ngumu ya kueleza mahakamani kwamba alikuwa mwangalifu. Kusababisha kifo kwa kuendesha vibaya, chini ya kifungu cha 46, kunaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 10. Kutumia simu gari likiwa kwenye mwendo kuna faini ya papo hapo ya shilingi 2,000 chini ya kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016.

Ufaransa ilikwenda mbali zaidi. Tangu Julai 2015, dereva, mwendesha pikipiki na hata wa baiskeli hawaruhusiwi kuwa na kisikizi sikioni wakiwa safarini, hata kimoja.

Njia nyingine za kupunguza kelele

Anza na chombo chenyewe. Pikipiki nyingi zina kelele kwa sababu mwenyewe ametoboa au kuondoa sailensa ili isikike kwa mbali. Anayefanya hivyo anajiumiza masikio, kisha anatafuta kifaa cha kuyaponya. Irudishwe. Udhibiti wa kelele ni mojawapo ya majukumu ambayo Katiba, katika Jedwali la Nne, imeyapa serikali za kaunti, na kanuni za kitaifa za kelele za mwaka 2009 zinahusu magari pia.

Kwenye gari, kagua mipira ya milango, bomba la moshi lililolegea, bati linalogongagonga, na upepo wa matairi. Fundi anaweza kumaliza mengi ya hayo kwa asubuhi moja. Katika matatu, jambo la kwanza ni kupunguza muziki, maana kelele kubwa humo mara nyingi haitoki barabarani.

Kwa boda, helmeti inayokaa vizuri kichwani, yenye kioo cha mbele na mkanda uliofungwa, hupunguza upepo masikioni kuliko ile iliyolegea, na ni takwa la sheria hata hivyo, pamoja na jaketi la kuakisi mwanga. Mwendo nao una mchango mkubwa. Kelele ya upepo hupanda haraka kuliko mwendo wenyewe, kwa hiyo kushuka kutoka kilomita 80 hadi 60 kunaleta nafuu inayosikika. Ndani ya vituo vya biashara kikomo ni 50.

Dereva wa trekta anapolima shambani, mbali na barabara, avae vifuniko vya masikio. Hapo vinamfaa kabisa, mradi aliyefuatana naye ajue kumpa ishara kwa mkono. Avivue kabla ya kuingia barabarani na trela za miwa. Huyu ana shida ya ziada: injini yake humfanya asisikie vizuri hata bila kisikizi, kwa hiyo vioo viwili vizima na vipande vya kuakisi mwanga nyuma ya trela ya mwisho ni muhimu kwake kuliko kwa dereva mwingine yeyote.

Madereva wa masafa marefu wanaosubiri Malaba au Busia wanaweza kutumia visikizi vyao bila wasiwasi lori likiwa limeegeshwa, injini imezimwa na wao wamelala. Foleni inaposogea kidogo kidogo, hapana. Watu wengi hupita katikati ya malori hayo kwa miguu, na utingo anayepiga bodi kwa kiganja ili lori lisimame anategemea kusikika.

Anayesikia mlio masikioni usioisha, au anayeona watu wote siku hizi wananong'ona, afike katika kituo cha afya aangaliwe. Wakati mwingine ni nta tu, ambayo mhudumu huitoa kwa dakika chache. Isichokolewe nyumbani kwa njiti ya kiberiti wala kalamu. Ikiwa si nta, atapewa rufaa ya kupimwa usikivu, na ni vyema aseme wazi ni saa ngapi kwa siku anakaa kwenye pikipiki, trekta au lori.