Usingizi Ndani ya Buti ya Ndege: Wewe Umelala Usingizi Gani?

Kijana mpendwa, chukua Biblia yako. Kama unasoma ya kwenye simu, zima data kidogo ili meseji zisikuvuruge. Tutapitia Yona 1:1-6, 1 Wafalme 19:1-8 na Luka 15:3-7.

Tuanze na tukio

Aprili 13, 2015, ndege ya Alaska Airlines, safari namba 448, iliruka kutoka Seattle, Marekani, kwenda Los Angeles ikiwa na abiria 170. Mara tu baada ya kuruka, rubani akasikia mtu anagonga kwa nguvu huko chini. Akageuza ndege na kutua palepale ilipotoka. Ilikuwa imekaa angani dakika 14 tu. Buti ya mizigo ilipofunguliwa, akatoka mpakiaji mizigo. Alikuwa amepitiwa na usingizi humo ndani, wenzake wakafunga mlango, ndege ikaondoka naye. Ashukuriwe Mungu, sehemu ile ilikuwa na hewa na joto la kutosha, akatoka mzima.

Desemba 2021 ikatokea tena. Mpakiaji mmoja alilala nyuma ya mabegi kwenye ndege ya IndiGo pale Mumbai, India, akaja kukutwa Abu Dhabi! Naye alikuwa salama, akarudishwa kwao.

Habari kama hizi zikiingia kwenye magrupu, tunacheka sana. "Huyo naye kazidi uvivu!" Lakini tujiulize, hivi tunaijua kazi yenyewe? Katika ndege kama Boeing 737, chumba cha mizigo ni kifupi, huwezi kusimama wima. Mtu anapiga magoti, anapokea begi moja baada ya jingine, analipanga, na saa inamkimbiza kwa sababu ndege haitakiwi kuchelewa. Zamu nyingine zinaanza alfajiri, nyingine ni za usiku kucha. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, umakini wake hushuka kama wa mtu aliyekunywa pombe. Yaani mwili una kikomo chake. Usipoupa usingizi, unajichukulia wenyewe, popote pale.

1. Usingizi wa Yona: kumkimbia Mungu

Biblia nayo ina mtu aliyelala sehemu ya ndani ya chombo cha safari. Mungu alimtuma Yona Ninawi, yeye akapanda merikebu ya kwenda upande mwingine. Tufani ikavuma, mabaharia wakatupa shehena baharini, kila mmoja akamlilia mungu wake. Yona je? Alishuka chini kabisa, akalala fofofo. Nahodha ndiye aliyemfuata kumwamsha na kumwambia aombe.

Ona maajabu haya: mpagani anamwamsha nabii ili asali! Yona hakulala kwa sababu ya amani moyoni. Alilala ili asisikie. Na sisi vijana tunao usingizi wa namna hii. Kuna anayelala mchana kutwa kwa sababu hataki kukutana na maisha yake. Kuna asiyefumba macho, yuko kwenye simu hadi saa nane usiku, lakini dhamiri yake imelala. Anajua kuna mtu wa kumwomba msamaha. Anajua kuna kitubio anachokiahirisha tangu Kwaresima. Usingizi huu dawa yake ni kuamka. Na Mungu anaweza kumtumia yeyote kukuamsha, hata mtu usiyemtegemea.

2. Usingizi wa Eliya: kuchoka kweli

Sasa fungua 1 Wafalme 19. Eliya amekimbia upanga wa Yezebeli, amefika jangwani, amekata tamaa hadi anaomba afe. Analala chini ya mretemu. Malaika anakuja. Je, anamgombeza? Hapana! Anamgusa, anampa mkate na maji. Eliya anakula, analala tena, na malaika anamwacha alale. Anaamshwa mara ya pili, anakula, ndipo anapata nguvu za kutembea siku 40 hadi Horebu.

Kumbe Mungu anajua kutofautisha mvivu na aliyechoka. Sisi mara nyingi hatujui. Yule binti anayesinzia kwenye mkutano wa vijana, je, unajua ameamka saa ngapi kuuza maandazi? Yule kaka wa bodaboda anayelala kwenye mahubiri, unajua amelala saa ngapi usiku?

Kanisa halichukulii jambo hili kama dogo. Papa Leo XIII, katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba si haki kumfanyisha mtu kazi hadi akili na mwili vichakae. Katekisimu (2187) inatukumbusha tusiwadai wengine kazi zisizo za lazima zitakazowazuia kuishika siku ya Bwana. Kwa hiyo amri ya kupumzika haikuhusu wewe peke yako. Inamhusu pia dada wa kazi nyumbani kwenu, mlinzi wa getini, na yule anayebeba begi lako uwanja wa ndege bila wewe kuiona sura yake.

3. "Tulidhani ameenda nyumbani"

Kuna jambo moja kwenye tukio la Seattle linalogusa sana. Kabla ndege haijaondoka, kiongozi wa kikundi aligundua kwamba mtu mmoja hayupo. Alimwita, akampigia simu, akamtumia meseji. Kimya. Wenzake wakadhani amemaliza zamu, ameenda zake nyumbani. Ndege ikaondoka.

Ndugu yangu, ni wangapi katika jumuiya yetu tumewafanyia hivyo? Fulani haonekani kwaya miezi mitatu. Tulimtumia meseji moja, hakujibu, tukasema, "Atakuwa amehama" au "Siku hizi yuko bize." Kumbe yuko gizani, anagonga, na sisi tunaendelea na safari.

Lakini rubani aliposikia mlio, aligeuza ndege nzima kwa sababu ya mtu mmoja ambaye hata hakumjua. Hakuna aliyesema abiria 170 ni wengi kuliko yeye. Soma tena Luka 15 kuhusu mchungaji na kondoo wake mmoja, utaelewa vizuri zaidi.

Maswali ya kutafakari (binafsi au katika kikundi)

1. Usingizi wangu wa sasa ni wa Yona au wa Eliya? Ninakimbia nini? Au nimechoshwa na nini?
2. Ni nani anafanya kazi kupita kiasi ili mimi nipumzike?
3. Ni nani ambaye nimedhani tu "ameenda nyumbani"?

Zoezi la wiki

Chagua mtu mmoja aliyepotea kwenye kikundi chenu. Usiishie kwenye meseji, nenda kwao ukamwone. Halafu usiku mmoja wiki hii weka simu mbali mapema, piga ishara ya msalaba, ulale. Kulala kwa kumwachia Mungu kesho yako nako ni kusali.

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe ulilala chomboni katikati ya dhoruba kwa sababu ulimtumaini Baba. Utuamshe tunapokukimbia, utupumzishe tunapochoka, na utupe masikio ya kusikia wanaogonga gizani. Bikira Maria wa Loreto, uliyewekwa na Papa Benedikto XV mwaka 1920 kuwa msimamizi wa wasafiri wa angani, uwaombee wote wanaofanya kazi viwanja vya ndege usiku huu. Amina.

Tukutane wiki ijayo. Tumsifu Yesu Kristo!